Shabaha Ikitoweka: Karata Ipi ya Kuua Kiumbe Uiweke Kwenye Pakiti Yako?

Kila anayeanza kucheza Magic, ule mchezo wa karata za uchawi na viumbe vinavyopigana, hapa kwetu Tanga hufika siku akaniuliza swali lile lile: "Kaka, kwenye karata za kuua viumbe, nichukue zipi?" Huwa ameshika mbili tatu mkononi, anazipima kwa gharama ya mana, yaani nguvu ya kichawi inayolipia karata, na kwa nguvu ya pigo. Vipimo hivyo ni vya kweli ila havitoshi. Ni kama kununua jodari pale sokoni Deep Sea kwa kutazama urefu wake bila kumfunua shavu. Kipo kipimo cha tatu, na mimi nakiweka mbele ya hivyo viwili: karata yako itafanya nini iwapo shabaha uliyoilenga haipo tena wakati pigo linafika?

Tuanze na kanuni yenyewe, maana ulinganisho wote unasimama juu yake. Kwenye Magic uchawi haufanyi kazi pale pale unapoutangaza. Unaweka karata mezani, unataja shabaha, unalipa mana, na uchawi unakaa kwenye steki, yaani rundo la mambo yanayosubiri zamu. Mwenzako ana haki ya kujibu, na jibu lake linakaa juu ya uchawi wako. La mwisho kupanda ndilo la kwanza kutekelezwa, kama sahani zilizopangwa za shughuli: huchomoi ya chini ukaacha ya juu. Shabaha hukaguliwa mara mbili tu, unapoitaja na pale uchawi unapofika zamu yake. Katikati hakuna anayekagua.

Ukaguzi huo wa pili umewekwa na kanuni ya 608.2b. Kwa maneno yangu inasema hivi: kama shabaha zote za uchawi zimekuwa batili, uchawi wote hautekelezwi. Karata inakwenda makaburini, yaani rundo la zilizokwisha kutumika au kufa, mana haikurudii, na hata maneno yasiyoigusa shabaha, kama "okota karata moja", hayafanyiki. Lakini ikibaki hata shabaha moja halali, uchawi unatekelezwa kama kawaida, na zile zilizo batili zinarukwa tu. Sisi barazani tunasema uchawi "umezima", kama pikipiki inayozima katikati ya kilima. Waliojifunza zamani watakuambia "umebatilishwa na kanuni", na hawakosei, kwa sababu ndivyo kanuni zilivyosema mpaka mwaka 2018, seti ya Dominaria, yaani toleo jipya la karata, ilipotoka na lugha ikabadilishwa. Kwa mchezaji wa barazani tofauti yenyewe ni ndogo mno.

Karata zetu zimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo neno la kulitafuta ni "target". Likiwepo, kuna shabaha. Lisipokuwepo, kwa kawaida hakuna, hata kama karata inamaliza kiumbe kimoja tu. Tofauti ya kukumbuka ni Aura, zile karata zinazobandikwa juu ya kiumbe: huenda usilione neno hilo, lakini zinalenga vilevile zikiwa kwenye steki. Nitazirudia.

Shabaha hugeukaje kuwa batili

Njia ya kwanza ni kiumbe kuondoka uwanjani. Mwenye nacho anaweza kukitoa kafara, au kikafa kwa jambo jingine lililowahi kutekelezwa. Njia ya pili ni kupata kinga baada ya kulengwa. Gods Willing, kwa mana moja nyeupe, hukipa kiumbe kinga dhidi ya rangi moja mpaka mwisho wa zamu, na uchawi wa rangi hiyo hauwezi tena kukilenga. Njia ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi: kiumbe kuondoka na kurudi. Cloudshift, nayo ya mana moja nyeupe, inakipeleka kiumbe uhamishoni, yaani nje ya uwanja wala si makaburini, na kukirudisha hapo hapo. Mezani unaona karata ile ile, lakini kikanuni aliyerudi ni mgeni mpya. Sisi tunaoambiwa "waja leo waondoka leo" tusipate tabu kulielewa hili: aliyekuja sasa hadaiwi deni la aliyeondoka.

Na kuna jambo linalofanana na haya bila kuwa mojawapo. Kiumbe kisichoharibika bado ni shabaha halali. Uchawi wako wa kuharibu unatekelezwa, ila tendo la kuharibu halimshiki. Tofauti hii ina thamani ya karata nzima. Chukua Aura Blast, inayoharibu Enchantment moja, yaani uchawi unaobaki uwanjani, kisha unaokota karata. Ukimlenga Heliod, God of the Sun, ambaye naye ni Enchantment na haharibiki, atabaki amesimama lakini karata yako utaiokota. Ukiilenga Enchantment nyingine, na mwenzako akaipa kinga dhidi ya nyeupe au akaiondoa uwanjani, hupati kitu. Kwa mtazamaji matokeo ni yale yale, kilicholengwa kimepona, lakini mkono wako umetofautiana kwa karata moja. Kwa hiyo mwenzako anapookoa kitu chake, mwulize amekiokoaje kabla ya wewe kurudisha mkono.

Shabaha moja: nafuu na nyepesi

Kundi hili linaongozwa na Lightning Bolt, madhara matatu kwa mana moja nyekundu, na Swords to Plowshares, mana moja nyeupe inayopeleka kiumbe uhamishoni na mwenye kiumbe akaongezewa uhai sawa na nguvu yake. Zote mbili zimekuwapo tangu 1993, mwaka Magic ya Richard Garfield ilipoanza kuuzwa. Doom Blade ni ndugu yao wa mana mbili, inaua kiumbe chochote kisicho cheusi.

Hizi ndizo zinazozima kirahisi kuliko zote, na bado ndizo ninazozipendekeza ziwe nyingi. Sababu ni hesabu. Ukitumia mana moja na mwenzako akatumia mana moja kuokoa kiumbe chake, kila mtu ametoa karata moja na mana moja. Hakuna aliyepunjwa. Zaidi ya hapo, hazina mkia wa kukatwa, maana hakuna "kisha okota karata" inayopotea pamoja nazo. Swords ikizima, hata ule uhai anaopewa mwenye kiumbe haupati.

Ugumu unaanza pale karata ya shabaha moja inapokuwa ghali au imebeba zawadi. Zawadi ndiyo inayokushawishi uinunue, na zawadi ndiyo inayopotea. Ukiona karata ya mana tano inayolenga kitu kimoja halafu inaahidi mambo mawili mengine mazuri, yahesabu mambo yote matatu kuwa yamefungwa kamba moja, na kamba hiyo ameishika mwenzako.

Shabaha mbili na zaidi: hapa ndipo penye utamu

Kundi hili nililijua kwa kuumia. Tulikuwa barazani Ngamiani, kusi inavuma mpaka karata tumezibana kwa vikombe vya kahawa. Nilikuwa na Electrolyze, karata ya mana tatu, nyekundu na bluu, inayogawa madhara mawili kwa shabaha moja au mbili kama upendavyo, kisha unaokota karata. Mwenzangu alikuwa na kiumbe kimoja cha 2/2, yaani nguvu mbili na kinakufa kwa madhara mawili, na ardhi moja nyeupe, karata inayotoa mana, haijatumika. Nikayaelekeza madhara yote mawili kwa kiumbe. Akaitazama ardhi yake, akailaza ubavu ili itoe mana, akaweka Gods Willing.

"Kinga dhidi ya nyekundu," akasema.

Nikakubali kwamba kiumbe kimepona, nikapeleka mkono kwenye pakiti, lile rundo langu la kuchezea, niokote karata yangu. Akanishika kifundo kwa upole. "Rudisha mkono, mwanangu. Imezima yote."

Alikuwa sahihi. Kiumbe kilikuwa shabaha yangu pekee, kikawa batili, na kuokota kukaenda nacho. Yeye kwa mana moja alifuta mana zangu tatu na karata mbili: ile niliyoiweka na ile ambayo ningeiokota. Juu ya hayo Gods Willing ilimpa haki ya kuchungulia karata ya juu ya pakiti yake na kuipeleka chini akitaka.

Sasa linganisha na mchezo ambao ningeweza kuucheza kwa karata ile ile. Ningegawa dhara moja kwa kiumbe na dhara moja kwa yeye mwenyewe. Angeweka Gods Willing, kiumbe kingekuwa batili, lakini yeye mwenyewe angebaki shabaha halali. Electrolyze ingetekelezwa: dhara moja lingempata, lile la kiumbe lingepotea bila kuhamia popote, na karata ningeiokota. Kwa upande wa pili, kama asingekuwa na jibu, dhara moja lisingetosha kuua 2/2. Hiyo ndiyo bei yake. Siku hizi ninapoona ardhi nyeupe imesimama mbele yangu, nagawa. Ninapoona amelaza ardhi zote, naelekeza zote mahali pamoja. Mchezaji mwenyewe ni shabaha isiyokimbia, na karata yoyote inayokuruhusu kumjumuisha inastahili nafasi kwenye pakiti kwa sababu hiyo peke yake.

Cryptic Command inaonyesha jambo hili vizuri kuliko karata yoyote niijuayo, kwa sababu machaguo yote yamo ndani ya karata moja. Ni ya mana nne, na unachagua mawili kati ya manne: kubatilisha uchawi uliolengwa, kurudisha mkononi kitu kilicholengwa uwanjani, kulaza viumbe vyote vya wapinzani, au kuokota karata. Ukichagua kurudisha na kuokota, una shabaha moja tu. Mwenzako akikitoa kafara kile kitu, huokoti. Ukichagua kubatilisha na kurudisha, una shabaha mbili, na moja ikitoweka ya pili inafanyiwa kazi. Ukichagua kulaza na kuokota, huna shabaha yoyote, na hakuna kiumbe kinachoweza kukuharibia kwa kukimbia. Ni karata moja, mana zile zile, na hatari tatu tofauti kabisa. Wanaoanza huchagua "okota" kila mara kwa sababu ni tamu. Mimi nawaomba watazame kwanza imefungwa na nini.

Hex ni ya mana sita na inaharibu viumbe sita vilivyolengwa. Kimoja kikipewa kinga, vitano vinakufa, kwa hiyo kuzimika kwake kabisa ni nadra. Tatizo lake liko mlango wa mbele: lazima viumbe sita vya kulengwa viwepo ndipo uweze kuitangaza, na vikiwa vitano unaikalia mkononi. Tena ikiwa vinne ni vya mwenzako, viwili vitakavyotimiza sita ni vyako. Decimate ina masharti ya aina hiyo hiyo na vitu vinne vya namna nne. Kwa watu wawili waliokaa mezani siipendekezi hata moja. Kwa meza ya wanne, ambako uwanja unajaa upesi, Hex inakuwa karata nyingine kabisa.

Zisizolenga kiumbe

Day of Judgment, mana nne, inaharibu viumbe vyote. Haina neno la kulenga. Gods Willing haisaidii hapa, kwa kuwa kinga dhidi ya nyeupe humzuia asilengwe na wala haizuii kuharibiwa na jambo linalowakumba wote. Cloudshift nayo haisaidii, na hili watu hulisahau: kiumbe kinaondoka na kurudi kabla Day of Judgment haijatekelezwa, kwa hiyo kinarudi kikiwahi kufa na wenzake. Mbinu ile ile inayoizima Doom Blade, hapa inampotezea mwenye kuitumia karata yake bure. Kisichoharibika ndicho kitabaki kimesimama. Gharama yake unaijua: na vyako vinakufa.

Diabolic Edict ni ya mana mbili na ina ujanja ninaouheshimu sana. Inalenga, lakini inamlenga mchezaji. Mchezaji aliyelengwa anatoa kafara kiumbe kimoja. Kiumbe hakikulengwa, kwa hiyo kinga zake hazina la kusema, na kutokuharibika hakumwokoi kwa sababu kafara si kuharibu. Kama mwenzako ana jitu moja kubwa lililovishwa kinga zote za dunia, hii ndiyo dawa yake. Kasoro ni kwamba anachagua yeye. Akiwa na kijiumbe cha 1/1 pembeni, atakitoa hicho akicheka. Kwa hiyo Edict hukua thamani pale unapokuwa umeshavisafisha vile vidogo kwa karata nyingine, au unapocheza na mtu anayeweka tegemeo lake lote kwenye kiumbe kimoja.

Cyclonic Rift ndiyo inayokuonyesha bei ya shabaha kwa tarakimu. Kwa mana mbili inamrudishia mpinzani mkononi kitu kimoja kilicholengwa, kisichokuwa ardhi. Kwa mana saba inarudisha kila kitu cha wapinzani kisichokuwa ardhi, bila kulenga. Mana tano ndizo zinazokutoa kwenye kimoja mpaka vyote, na kwenye hatari ya kuzima mpaka kutokuzima kwa kukosa shabaha. Kama unacheza bluu na umepata nafasi ya karata moja tu ya namna hii, ichukue hii, kwa sababu uamuzi unaufanya siku yenyewe mezani badala ya kuufanya nyumbani unapopanga pakiti.

Karata zenye uhai wa pili, na zile zinazoupoteza

Aura ya kawaida ndiyo masikini kuliko zote kwenye jambo hili. Unailenga kwa kiumbe chako, mwenzako anakiua kwa kujibu, na umepoteza kiumbe na Aura kwa karata yake moja. Seti ya Theros ya mwaka 2013 ilileta tiba: viumbe vinavyoweza kutangazwa kama Aura, na shabaha ikitoweka, karata haizimi, inaingia uwanjani kama kiumbe. Boon Satyr ni mmoja wao. Ukitaka kuimarisha viumbe vyako, chagua za namna hiyo kabla ya Aura tupu. Sioni hoja ya upande wa pili yenye uzito, isipokuwa gharama ya mana, ambayo kweli huwa kubwa.

Zile karata za seti ya Throne of Eldraine ya 2019 zenye kiumbe na uchawi mdogo pamoja zinakwenda kinyume chake, na wengi wananunua bila kujua. Bonecrusher Giant ana uchawi wake mdogo uitwao Stomp, wa madhara mawili. Ukiutumia na ukatekelezwa, karata inakwenda uhamishoni na baadaye unaweza kumtangaza jitu mwenyewe kutoka huko. Stomp ikizima kwa kukosa shabaha, karata nzima inakwenda makaburini, na jitu umelipoteza kabla hujalitumia. Karata bado ni nzuri sana, na Stomp inaweza kumlenga hata mchezaji. Ila usiirushe kwa kiumbe chenye mwenyewe anayetoa kafara hovyo.

Ningechukua nini

Kwa pakiti ya karata 60 ya nyeupe na nyeusi, ambayo ndiyo ninayoicheza, nimetenga nafasi tisa za kuua: Swords to Plowshares nne, Doom Blade mbili, Diabolic Edict mbili, Day of Judgment moja. Zinazolenga kiumbe ni sita, na hakuna hata moja inayozidi mana mbili. Nikikutana na anayecheza viumbe vingi vidogo, Edict moja inatoka na Day of Judgment ya pili inaingia. Nikikutana na mwenye jitu moja na kinga nyingi, Doom Blade ndizo zinazopisha. Swords sizigusi.

Kwa anayecheza nyekundu na bluu ningesema Lightning Bolt nne bila kufikiri, Electrolyze mbili, na Cyclonic Rift moja. Cryptic Command aiweke pale tu anapokuwa tayari kusoma uwanja kabla ya kuchagua maneno mawili, na bluu anayo ya kutosha, maana tatu kati ya mana zake nne ni za bluu.

Juzi kijana mmoja wa Chumbageni alikuja na Doom Blade, Hex na Diabolic Edict, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, maana joto na unyevu wa bahari yetu hukunja karata zisizofunikwa. Nikamwuliza anacheza na nani. Akasema na binamu yake wa Raskazone, wawili tu, na binamu ana pakiti nyeupe yenye mpanda farasi mmoja anayemlinda kwa Gods Willing na Cloudshift kila akiguswa. Nikamwekea karata ya mpanda farasi mezani tukajaribu zote tatu. Doom Blade ilizima mara zote mbili, Hex haikupata viumbe sita, na Edict ilimchukua mpanda farasi bila hata kumwangalia usoni. Akairudisha Hex sandukuni. Akaomba Edict ya pili, akaacha Doom Blade moja kwa ajili ya zile zamu ambazo binamu amelaza ardhi zote, na kabla ya kuondoka akaniuliza kama anaruhusiwa kuhesabu ardhi nyeupe za mwenzake kwa sauti. Nikamwambia ahesabu.